Mwaka wa Taifa la Vyumba Sita

Mwaka ule nilipanga chumba mjini, mtaa wa Makanyagio, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye bomba moja uani. Mwenye nyumba aliishi mbali, na kila asubuhi tuligombania zamu ya maji. Mimi nafundisha somo la uraia, nikaona watu hawa wanachokosa ni katiba. Mwezi wa kwanza nikaandika ibara kumi na moja kwenye daftari la shule, tukazipigia kura, tukawa taifa. Sijawahi kujiona mkubwa kiasi kile.

Uenyekiti tulimpa Msukuma wa chumba cha kwanza, fundi baiskeli, ambaye baba yake alihamia huku na ng'ombe. Alikuwa na sauti nzito na kiti cha plastiki chenye mikono, na sifa nyingine hatukuzitafuta. Mimi nikawa katibu. Mpaka wetu ulikuwa wigo wa minyaa. Kuku wa jirani walipouvuka mwezi wa tatu, tuliitisha kikao cha dharura kilichochukua saa mbili, na muda wote huo kuku waliendelea kula mchicha wetu.

Ibara ya tano ilisema kwamba mgeni akizidisha siku saba, kikao kimjadili, kwa sababu maji hayatoshi. Niliitunga mwenyewe na niliipenda kuliko zote. Mwezi wa sita mavuno yakaingia, na wageni wakamiminika kutoka vijijini na magunia ya mchele na karanga. Shemeji wa mwenyekiti alikaa wiki tano. Hakuna aliyeikumbuka ibara ya tano. Nilizitafuna karanga za shemeji huyo huku daftari nimelikalia.

Ilipofika Oktoba, bomba likawa linakohoa zaidi ya kutoa maji. Ndipo mama wa chumba cha nne, muuza dagaa, alipomleta mama yake kutoka Litapunga, kijiji cha mbali na mji. Ni familia yenye asili ya Burundi, walikuja kama wakimbizi, na walishapewa uraia. Bibi alikuwa na kidonda mguuni kilichotakiwa kuoshwa hospitali kila baada ya siku moja, na daktari alimwambia binti yake waziwazi kwamba kisipotunzwa, mguu utakatwa. Bibi alikuja na kanga mbili na mkeka. Gunia hakuwa nalo.

Siku ya tisa jirani wa chumba cha pili akaniuliza kama katiba bado ipo. Nikamjibu kwa fahari kwamba ipo. Wote tulijua kuwa mvua za kwanza zimeshaharibu njia, na kwamba bibi akirudi Litapunga, hospitali ataisikia kwenye redio.

Tulikutana Jumapili mchana, watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Niliandika ajenda: matumizi ya maji, chumba cha nne. Mwenyekiti akamtaka muuza dagaa ajieleze. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki, akafuta kigoda kwa kanga, akaweka juu yake vyeti viwili vya uraia, chake na cha mama yake, akavigeuza ili tuvisome vizuri. Kisha akarudi nyuma, akasimama.

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, sisi tunaongelea ndoo."

"Najua," akasema. "Ila nikiitwa kikao cha kujadili kukaa kwangu, huwa naanza na hivi."

Nilivisoma, picha na mihuri, kisha nikatazama taifa langu. Mwenyekiti alikuwa amesubiri kitambulisho chake cha uraia hadi akaacha kuulizia. Cheti changu cha kuzaliwa kilipotea nikihama nyumba. Angekuja mtu kuuliza raia ni nani hapa, tungejificha wote nyuma ya hao wawili. Niliona aibu, tena aibu ya kukosa pa kuweka macho.

Kura zilipigwa haraka. Wote tulinyoosha mikono kwamba bibi akae, na yule wa chumba cha pili alinyoosha yote miwili. Tulijipenda sana dakika ile. Mwenyekiti akahutubia kuhusu umoja, nami nikaandika kila neno.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mguu wenye bandeji ameunyoosha mkekani. Akaomba kusema.

"Nashukuru, wanangu. Nyie mna roho nzuri. Sasa mniambie, ruhusa hii inaisha tarehe ngapi?"

Mwenyekiti akanigeukia. Nikamwambia bibi kwamba haina tarehe, akae tu.

Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi ambaye bado hajaelewa somo.

"Andika tarehe, mwanangu," akasema. "Ile isiyo na tarehe ndiyo huwa wanakuja kuifuta."

Nikashika kalamu, mimi mwalimu wa uraia, nikamuuliza bibi niandike tarehe gani.