Fundo la Petronila

Wenceslaus Burito, karani wa pamba pale Kibara, alikuwa na kamba ambayo mkewe aliiita mke mwenza. Ilikuwa kamba ya wavu, ndefu kidogo kuliko mita moja, na mwishoni aliifunga chubwi, ile risasi inayozamisha nyavu ziwani. Akiishika kwa vidole viwili na kuliachia chubwi libembee, lilikwenda na kurudi bila kukimbia wala kulegea. Kamba ndefu, mwendo wa polepole. Kamba fupi, mwendo wa haraka. Alilisoma hilo sekondari. Sasa kila wimbo wa kwaya aliyoifundisha ulikuwa na fundo lake kwenye kamba, na kila fundo lilikuwa na kipimo chake daftarini.

Wimbo mmoja tu haukuwa na fundo, na ulikuwa wa mkewe, Petronila.

Aliutunga shambani akipalilia pamba: wimbo wa Pasaka, wa wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Wenceslaus alisema wenye huzuni hutembea taratibu. Petronila akasema mwanamke aliyebeba manukato huku jua linamfukuza hatembei taratibu. Walibishana hivyo tangu Krismasi, nusu utani, nusu kweli.

Kisha tezi la shingoni, alilolibeba miaka mingi bila kulijali, likaanza kumkaba. Kuimba kukamshinda, kulala kukawa kwa kukaa. Daktari wa Musoma akampangia upasuaji Jumatatu, katikati ya Machi 1985, na hakumficha Wenceslaus neno. "Wengi huamka salama," alisema. "Si wote."

Petronila akaenda Butiama kwa dada yake Gati, awe karibu na hospitali. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na kifurushi chake.

"Baba Kwangu," alimwita kwa jina la mtoto wao, "wimbo wangu sijausikia hata siku moja ukiimbwa na watu."

"Nipigie makofi basi, nipime mwendo."

"Nikipiga peke yangu ninakimbiaga, unanijua. Nisikie sauti zote nne ndipo nitajua. Urekodi hapa nyumbani, uniletee kabla ya Jumatatu."

Wenceslaus alikipokea kifurushi, akamsindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi asubuhi wanakwaya kumi na wawili walijibana sebuleni kwake. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, kuku wakafukuzwa uani. Redio kaseti iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Shida ilikuwa betri. Zilikuwa nne, za zamani, na tangu jua lichomoze alikuwa amezianika juu ya bati ili zipate nguvu, kama kila mtu alivyofanya miaka ile. Boniphace, mwenye besi, aliichukua moja, akaing'ata kwa magego, akatema.

"Mwalimu, hii ni maiti. Tuiimbie ya maziko kwanza."

"Maiti hiyo tunaihitaji dakika tano tu," Wenceslaus alijibu. "Hakuna kurudia. Atakayekohoa atanieleza mimi, halafu atamweleza Mama Kwangu."

Alishika kamba kwenye sentimeta tisini, akaliachia chubwi, akabonyeza kitufe. Wakaimba wakilitazama, na yeye jasho likimtiririka mgongoni. Walipomaliza alirudisha tepu kidogo, akasikiliza ubeti wa mwisho. Ulikuwa mzuri, na mwendo ulikuwa uleule wa chubwi. Akaandika daftarini: *sm 90, Jumamosi, hakuna kosa.*

Jumapili alipanda lori la asubuhi mpaka Bunda, akaunganisha na jingine. Betri zake alizichukua pia, zimefungwa kwenye leso, maana hakujua kama kwa shemeji atakuta zozote. Alifika Butiama saa sita mchana. Petronila alikuwa ameegemezwa mito, shingo imevimba, pumzi zikitoka kwa mluzi.

"Umekuja nao?"

"Nimekuja nao."

Gati alitoa redio kaseti yake kwa maringo. "Leo shemeji utasikia muziki. Betri mpya hizi, za Kenya. Bunda siku hizi vitu vimeanza kuonekana."

Akatia kaseti, akabonyeza. Zikatoka sauti nyembamba za haraka. Besi ya Boniphace ilikuwa kama ya mvulana asiyebalehe.

Gati aliziba mdomo kwa kanga. Petronila alisikiliza ubeti mzima, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Hawa ni wanawake wanaokwenda kaburini, au vifaranga vimeona mwewe?" Akageuzia uso ukutani.

Wenceslaus alitoa kamba, akapima ule mwendo, akapima tena, ndipo akaliona kosa lake. Betri zilizochoka zilikuwa zikiiburuta tepu wakati wa kurekodi. Aliposikiliza kwa betri zilezile, tepu ilikwenda kwa uchovu uleule, akadhani mambo ni sawa. Sasa betri mpya zilikuwa zinaikimbiza. Hakuna kosa, alikuwa ameandika, kwa wino.

Kurudi Kibara kukusanya kwaya kusingewezekana. Gari la kwenda Musoma lilikuwa la alfajiri.

Alitoka uani, akafungua leso, akazipanga betri zake juu ya bati la banda la mbuzi.

"Shemeji, ulikujaga na maiti zako?" Gati aliuliza.

"Zitachoka njiani, shemeji. Ndivyo ninavyotaka."

Alizigeuza kila baada ya robo saa mpaka saa tisa, jua likiwa kali kuliko lile la asubuhi ya Jumamosi. Kisha akazitia kwenye redio zikiwa za moto, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kamba mkononi.

"Mama Kwangu, sikiliza. Wimbo utaanza kwa haraka, halafu utakuwa unapungua wenyewe. Ukifika pako, nipige. Hautarudi mara ya pili."

Petronila aligeuka. Akafumba macho.

Vifaranga vilianza tena. Ubeti wa kwanza ukapita kwa haraka, wa pili ukalegea kidogo, sauti zikaanza kushuka na kuwa za watu wazima. Wenceslaus alikuwa akipandisha vidole kwenye kamba, chubwi likishuka pamoja na wimbo. Alitazama uso wa mkewe. Wa tatu ukaingia. Taa ndogo ya redio ilikuwa inafifia. Akaogopa kwamba tayari umempita, kwamba anaona aibu kusema, au amelala.

Mkono ukamshika goti kwa nguvu.

"Hapo! Hapohapo. Hao ndio wanawake wangu."

Vidole vya Wenceslaus viliganda kwenye kamba. Chubwi lilibembea na kwaya, mara moja, mbili, nane. Petronila alisikiliza mdomo wazi, machozi yakishuka. Kisha besi ya Boniphace ikaanza kunguruma kama ng'ombe anayeumwa, na redio ikanyamaza.

"Usiachie," alisema. Akachukua kamba pale ilipobanwa, akafunga fundo mwenyewe, akalivuta kwa meno. Wenceslaus alipima: sentimeta sabini na tatu. Si mwendo wake yeye, wala si ule wa makofi ya mkewe.

Jumatatu, hospitalini Musoma, walimwingiza Petronila chumba cha upasuaji kwa machela saa tatu. Wenceslaus alikaa kwenye benchi, kamba mfukoni, kidole gumba juu ya fundo. Saa nne. Saa sita. Wengine waliitwa wakaondoka, mmoja akilia. Saa saba na dakika kumi muuguzi akamwashiria kwa kichwa, naye akamfuata kwa mwendo wa watu wa maziko.

Petronila alilala chali, shingo imefungwa bandeji, macho yamefumbwa. Hakuweza kusema. Lakini juu ya blanketi kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga, kinagonga.

Wenceslaus alitoa kamba, akaishika kwenye fundo, akaliachia chubwi. Kidole kilikuwa kinalitangulia. Kilikuwa kinakimbia, kama alivyokimbiaga siku zote akiwa peke yake. Hakukirekebisha. Aliliacha chubwi libembee karibu na blanketi, akaanza kuimba besi ya Boniphace, kwa sauti ya chini, kwa mwendo wa fundo. Kabla ubeti haujaisha kidole kilikuwa kimeanza kumsubiri.