Samaki Mmoja wa Bi Mwantum

Bi Mwantum, mjane wa fundi saa wa Tukuyu, alikulia Tanga na baridi ya Rungwe hakuizoea. Enzi za ruksa, maduka ya Dar es Salaam yalipojaa vitu vya nje, aliandika barua kuulizia tangi la samaki wa baharini. Bei zikaja kwa barua: kioo, pampu, hita, chumvi yake maalumu, mawe ya matumbawe. Akiba yake ilitosha tangi dogo na samaki mmoja.

“Si anatosha?” alisema jirani yake Anyelwisye, aliyemletea ndizi. “Nyumba itachangamka.”

“Na yeye atachangamshwa na nani?” Bi Mwantum alimjibu kwa ukali. “Unajua kukaa peke yako nyuma ya kioo, ukitazama watu wakipita?”

Akaichukua ile barua, akawashia jiko.