Gliserini ya Mama Ndani ya Difu

Harufu ya mawese yanayochemka niliijua kabla sijajua kuandika jina langu. Wakati wa masika, pale kijijini kwetu Talatala, kuni zikiwa mbichi na moshi ukigoma kupanda, harufu ile iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye madaftari. Mwalimu alikuwa akifungua daftari langu anacheka, anasema leo kwa kina Atupele wamekula maharage ya nazi na mawese. Kwetu mawese yalikuwa jibu la kila kitu. Mlango ukilia, mawese. Mnyororo wa baiskeli ukikauka, mawese. Kwa hiyo asinicheke mtu nikisema kwamba nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilitia mawese ndani ya difu ya gari la rimoti. Mtoto wa Kyela angetia nini kingine?

Gari lenyewe lilitoka Matema. Mama alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, na mgeni mmoja aliyekuwa akilikimbiza gari lake ufukweni alilijaza mchanga hadi likafa. Alipoondoka aliliacha chumbani, na msimamizi akamwambia Mama achukue takataka ile. Mama akaibeba kichwani, boksi, chaja, rimoti na vyote, akanikabidhi mimi. Hakumkabidhi kaka, maana sina kaka, wala hakumkabidhi Lusajo, mtoto wa Baba mkubwa. Alisema, "Wewe ndiye uliyeitengeneza redio. Tazama na hii." Nililifungua kwa bisibisi na kisu cha jikoni. Nikaosha mchanga, nikaunga waya zilizokatika, na betri nikawa napeleka kuchaji dukani kwa Bi. Saumu, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Tanga na ambaye duka lake lilikuwa na umeme. Kilichobaki kikavu kilikuwa difu.

Difu ni kisanduku kidogo cha gia katikati ya magurudumu mawili. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yasiende sawa. Siri iko kwenye mafuta. Yakiwa mepesi mno, gurudumu moja likiingia kwenye tope huzunguka bure na mwenzake husimama kama mgeni asiyejua kulima. Yakiwa mazito mno, yote mawili hung'ang'ania kwenda pamoja na gari halitaki kona. Haya nayasema leo kwa ufasaha. Siku zile nilichojua ni kwamba mchana wa jua gari langu la mawese lilikwenda vizuri uani kwetu, nami nikatangaza kwa kiburi kwamba Jumamosi asubuhi nitalionyesha kwa Baba mkubwa.

Jumamosi ile mvua ilikuwa imenyesha na kulipambazuka baridi. Kila mtu wa Kyela ameona mawese yakiganda kwenye chupa asubuhi, akayasogeza karibu na moto bila kuwaza. Mimi pia sikuwaza. Niliweka gari kwenye ua wa Baba mkubwa, ua uliofagiwa hata unyasi huoni, nikabonyeza, nikapinda kulia. Gari likaenda mbele moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona maji, likatumbukia kwenye mfereji. Walipolitoa, sisimizi walikuwa wakitoka ndani yake kwa mstari, wameshiba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba mkubwa alipomaliza kucheka alitoa hukumu: gari apewe Lusajo, yuko sekondari, ndiye atakayekuwa injinia wa ukoo. Chanda chema huvikwa pete, alisema. Baba yangu, ambaye mbele ya kaka yake hakuwahi kuwa na sauti, alitazama vidole vya miguu yake.

Nilipiga magoti kama tulivyofundishwa wasichana, nikaomba wiki moja. Kama Jumapili ya pili gari litavuka mfereji ule na tope lake, likazunguka mgomba wa mwisho, likarudi, basi libaki langu. Baba mkubwa alipendezwa na magoti yangu kuliko na hoja yangu. Alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba ameniona nimeinama, kwa hiyo wiki moja nimepewa. Watu wote waliisikia ahadi hiyo. Naomba msomaji naye aishike.

Wiki hiyo nilihamia dukani kwa Bi. Saumu. Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Basi na waseme, ila mimi nilichagua. Niliegemeza kipande cha kioo kwenye gunia la sukari, nikadondosha juu yake tone la kila mafuta yaliyokuwamo dukani, nikahesabu kimoyomoyo hadi tone lifike chini. Mafuta ya alizeti yalishuka kabla sijafika kumi. Ya cherehani yalikimbia kama maji. Oili ya gia za lori ilitembea kwa heshima, nikaipenda, lakini nilipoloweka ndani yake vipande vya mpira wa baiskeli, baada ya siku tatu vilikuwa vimevimba na kulegea, nami sili za difu yangu, zile pete zinazozuia mafuta yasivuje, zilikuwa za mpira na sikuwa na nyingine. Grisi haikushuka kabisa. Bi. Saumu alilalamika kwamba nimemgeuzia duka kuwa maabara, kisha wateja wakiingia anawazuia wasiguse kioo changu.

Nilirudi nyumbani Jumatano mchana nimekata tamaa, nikamkuta Mama anajipaka miguu. Juu ya dirisha ilikuwepo chupa yake ya gliserini, ile aliyojipaka kila Jumapili kabla ya kanisa na siku ngozi ilipomuuma, maana sabuni ya mashuka ilikuwa imeipasua ngozi yake. Niliitazama ikidondoka kiganjani: nzito, taratibu, bila harufu. Nikaiomba tone moja. Kwenye kioo ilitembea polepole kuliko alizeti mara nyingi, na bado ilitembea. Asubuhi ya baridi haikuganda. Mpira nilioloweka humo siku tatu ulitoka vilevile ulivyoingia. Nilijua nimepata, na nikaona haya kusema, kwa sababu chupa ilikuwa imebaki robo na hakukuwa na nyingine mpaka mshahara. Mama hakungoja niseme. Akaisukuma mezani kwangu.

"Miguu yangu ikipauka Jumapili moja sitakufa," alisema. "Jaza."

Sikujaza hadi juu. Niliimimina ikafunika gia tu, nikaacha mapovu yapande yaishe, nikakata kipande cha jalada la daftari kuziba mdomo wa kisanduku, nikazungushia grisi kando kando ili maji yasiingie, maana gliserini na maji huchanganyika upesi. Kisha nikakaza skrubu kwa zamu, moja huku na nyingine kule.

Jumapili Mama alikwenda kanisani na kutoka hapo kwa Baba mkubwa akiwa na miguu myeupe kama aliyekanyaga unga, na shangazi mmoja akamwambia bila aibu kwamba siku hizi amejiachia. Nikaweka gari. Lilifika mfereji, gurudumu moja likazama kwenye tope, na hapo ndipo gari la mafuta mepesi hufia. Gurudumu la pili halikusimama. Lilisukuma kidogokidogo, tope likarukia nguo zangu za kanisa, gari likapanda ukingo. Lilikata kona kwenye mgomba wa mwisho, likarudi.

Baba mkubwa alipiga makofi. Kisha akasema, kwa furaha kabisa, "Sasa limepona. Lusajo, chukua gari lako."

Hakuwa anatania. Lilipokuwa bovu lilinifaa mimi. Lilipopona likamfaa Lusajo. Watu wote waliosikia ahadi wiki ile waliangalia kando, hata yule shangazi mwenye mdomo. Lusajo akainama kulichukua. Sikupiga magoti. Nilisimama wima, nikabonyeza rimoti, gari likampita Lusajo mikononi likaenda kusimama kwenye miguu myeupe ya Mama.

"Hapana, Baba," nilimwambia Baba mkubwa. "Uliahidi."

Baba mkubwa alimgeukia Mama, akamwambia amfundishe mtoto wake adabu. Mama aliinama, akaliokota gari lenye tope, akalikumbatia kwenye gauni lake la Jumapili.

"Gari lina mwenyewe, shemeji," alisema, na tukaondoka. Tulipofika barabarani nikasikia kandambili nyuma yetu. Alikuwa baba yangu. Alitufuata hadi nyumbani.

Nisidanganye kwamba mambo yaliisha vizuri. Mwaka mzima hatukualikwa kwenye ua ule, na mavuno ya mpunga tuliyabeba wenyewe bila msaada wa ukoo. Nilihukumiwa kwamba nina kichwa kigumu. Ni kweli, ninacho.

Leo nina karakana yangu Kyela mjini. Mafuta ya difu za magari ya rimoti sasa naagiza Dar, vichupa vimeandikwa namba, watoto wanachagua uzito bila kioo wala gunia la sukari, nami nawaonea wivu kidogo. Gari lile liko kwenye rafu, na kando yake chupa ya gliserini, aina ileile ninayomnunulia Mama na ambayo haijaisha nyumbani kwake tangu nipate mshahara wa kwanza. Wateja wageni bado huingia wakaniuliza mimi fundi yuko wapi.

Mwezi uliopita, mpunga ukingoja mashambani, Baba mkubwa aliletwa kwangu pamoja na pawatila yake, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, iliyovunjika gia. Amezeeka, anatembelea fimbo. Lusajo, ambaye ni mwalimu wa historia na hajawahi kupenda magari, ndiye aliyeendesha gari lililowaleta. Mzee alikaa kwenye benchi, akaniangalia, akangoja. Nilijua anangoja nini: magoti yangu. Mikono yangu ilikuwa imejaa oili mpaka kwenye viwiko.

"Mugonile, Baba," nilimwamkia kwa Kinyakyusa, nimesimama.

Alitazama pawatila yake, akanitazama tena, akaitikia.