Mwamba wa Uani

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Siku dalali aliponipeleka kuona nyumba katika mji mdogo wa wavuvi, mbele ya Magu, niliuliza mpaka akaanza kunijibu huku anatazama simu. Upepo unavuma kutoka wapi? Choo kilichimbwa lini? Kwetu Misungwi tunalima, kwa hiyo niliinama nikachota udongo kiganjani, nikaunusa. Dalali akacheka. Akasema huku hakuna anayenunua udongo.

Bati lilikuwa na kutu, ila ziwa lilionekana kutoka jikoni. Nimepanga kule mjini, Mkuyuni, miaka mingi, nikihama kila mwenye nyumba anapomkumbuka mwanawe anayetaka kuoa. Niliitaka nyumba ile kwa moyo wote. Kasoro niliona moja tu: mwamba mpana, bapa, uliokula nusu ya ua. Nikampigia fundi palepale, kwa sauti, kuuliza gharama ya kuupasua uwe kokoto.

Mwenyekiti wa kitongoji alitaka majirani watatu wasaini kwamba mipaka ni halali, la sivyo hagongi muhuri. Wawili walisaini wamesimama. Wa tatu, mama mtu mzima, aliitikia shikamoo yangu vizuri, akaikunja karatasi. Akauliza mwamba nitaufanyaje.

Niliogopa kuikosa nyumba, na uongo ulishafika mdomoni. Lakini udadisi ukanizidi. Mpaka wake haukuguswa, jiwe linamhusu nini? Nikakiri kwamba nilitaka kulipasua, nikamwomba anieleze kosa langu.

Hakueleza. Alisema mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, nirudi mwezi ukipungua. Karatasi akabaki nayo. Siku zile kule Mkuyuni sikulala vizuri hata moja.

Niliporudi, mwamba ulikuwa umejaa dagaa, na wanawake sita wakiwageuza. Kwa nini si mchangani? Wakaniambia dagaa wa mchangani huuma meno, na mnunuzi huonja kabla ya kutaja bei. Na nafasi mnagawanaje bila alama? Hapo wakacheka. Wakanipa fagio la njiti. Niligeuza dagaa mpaka mgongo ukauma, na nilifurahi kweli, ingawa sikujua bado kama nitauziwa.

Adhuhuri yule mama akafungua fundo la khanga yake, akatoa karatasi yangu. Akanitazama kwanza.

"Mvua ikinyesha huku sisi tuko mwaloni tunapokea mitumbwi, utaanua dagaa wako tu, au wa wote?"

"Mama, mimi sina dagaa."

"Utakuwa nao," akasema, akachovya kidole gumba kwenye wino niliokuja nao.