Anande na gari lililoomba msamaha

Saa kumi na moja alfajiri, Anande Akyoo anafunga mlango wa chumba chake Sombetini, anavuta kitenge hadi shingoni na kutazama juu kabla ya kutazama njia. Julai ni mwezi wa baridi Arusha, na asubuhi nyingi ukungu hushuka hadi kwenye mabati. Leo mawingu yamepisha. Upande wa Mlima Meru kimesimama Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wazee walikitumia kujua majira ya kulima.

"Kimerudi," anasema, kama mtu anayemzungumzia jirani aliyekuwa safarini.

Anatembea dakika arobaini hadi Levolosi. Akifika anavaa kizibao chake cha njano chenye mistari inayong'aa, anawasha mashine ya risiti, anafumba macho na kusali kwa sauti ya chini. Sala yake si ndefu.

"Bwana, uyalinde magari haya kama yangu, maana ya kwangu sina. Na madereva uwape moyo wa kulipa kabla sijawaomba. Amina."

Anande, mwenye umri wa miaka 43, ni mhudumu wa maegesho. Anasimamia nafasi thelathini na nne katika mtaa mmoja wenye maduka ya vipuri, vitenge na dawa. Wakala aliyemwajiri humlipa Sh180,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo analipa chumba, anamsomesha binti yake Hanna aliye kidato cha pili, na anajisomesha yeye mwenyewe.

Mtaani anajulikana kwa jambo moja: nafasi zake zina majina.

Nafasi za mwanzo, karibu na nguzo ya umeme iliyoinama, zinaitwa Pisa. Zile zilizo kando ya uzio mrefu wa ghala ni Ukuta wa China. Mbele ya duka la saruji, ambako mchanga humwagwa kila wiki, ni Piramidi. Na pale bomba la maji linapovuja tangu mwaka juzi, Anande amepaita Maporomoko ya Viktoria.

"Watu walikuwa wanasahau walikoacha magari," anaeleza. "Mtu anatoka sokoni na mizigo, anazunguka, anafikiri ameibiwa, anaanza kulia. Nikaona niwape alama. Namba mtu anasahau. Ukimwambia umeegesha Misri, hasahau."

Hilo linathibitika papo hapo. Dereva mmoja anapita mbio akiwa na gunia la vitunguu begani na kumpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Dada Anande! Kirikuu yangu nimeiacha China au Misri?"

"China, kaka! Na muda wako umeisha tangu enzi za mfalme aliyejenga ukuta!"

Watu wanacheka. Dereva naye anacheka, kisha analipa.

Majina hayo aliyatoa katika masomo ya jioni. Anande aliacha shule mwaka 1996 alipomaliza darasa la saba. Kwao, kwenye miteremko ya Meru karibu na Akheri, kahawa ilikuwa imeshuka bei, na baba yake alikuwa na uwezo wa kumpeleka sekondari mtoto mmoja tu. Akaenda kaka. Anande hasimulii hayo kwa uchungu. Anasema alisubiri miaka ishirini na saba, na Mungu hakuifuta zamu yake.

Sasa, siku tatu kwa wiki, huketi katika ukumbi wa usharika mmoja hapa mjini pamoja na wenzake kumi na tisa: washonaji, walinzi, mama lishe. Somo lake la roho ni jiografia. Hajawahi kuvuka Moshi kwa upande mmoja wala Babati kwa upande wa pili, lakini ana ramani kubwa ya kukunja yenye picha za majengo mashuhuri ya dunia, aliyoinunua kwenye vitabu vya mitumba.

"Sisi pia tuna mnara wetu wa saa," anasema. "Waongoza watalii wanasema uko katikati ya Kairo na Cape Town. Kwa hiyo mimi ninaegesha magari katikati ya Afrika. Si kazi ndogo."

Lakini mwezi Mei kazi hiyo ilikaribia kumponyoka, na kilichomponza ni jani.

Ilikuwa Jumanne, mvua imetoka kukatika. Saa saba mchana Anande aliona gari dogo la zamani, rangi ya kahawia, limeachwa mbele ya lango la ghala, mahali ambapo haparuhusiwi kabisa. Dereva hayupo. Hakuna risiti. Utaratibu ni kumwita msimamizi alete kufuli la chuma na kulifunga tairi, na gari halitoki hadi faini ilipwe.

Anande alishika simu apige. Ndipo akaona, ndani ya kioo cha mbele, jani moja refu la kijani lililofungwa fundo.

Lilikuwa isale.

Kwa mgeni wa ukanda huu, isale ni mmea wa kawaida wa kupandwa kwenye mipaka ya viwanja. Kwa Wameru, kama ilivyo kwa majirani zao Wachaga, ni zaidi ya hapo. Mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na kwa jani hilo anaomba msamaha. Aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa.

"Nilisema, huyu ni mtu wa kwetu," anakumbuka Anande. "Amekosea, anajua amekosea, hakuwa na muda wa kunitafuta, akaniachia isale. Ningelifungaje gari lile? Bibi yangu angeamka kaburini."

Basi hakupiga simu. Alisimama kando ya gari, akawaelekeza wenye ghala wapitie mlango mdogo, akasubiri.

Aliyefika kwanza ni msimamizi wake, Ezra Masanja, kijana wa miaka 34, mzaliwa wa Shinyanga. Namnyaki Lengai, anayeuza shanga na ndala za ngozi upande wa pili wa barabara, aliyasikia mazungumzo yao yote, na huyarudia kwa kuigiza sauti zote mbili.

"Mama Hanna, hili gari vipi?"

"Mwenyewe ameomba msamaha."

"Amekuomba saa ngapi?"

"Sijamwona."

"Unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Sasa amekuombaje?"

"Kwa hilo jani."

Ezra aliinama akalitazama jani kupitia kioo. Akazunguka gari. Akarudi akalitazama tena.

"Mama Hanna," alisema, "hata mbuzi hakubali hongo ya jani moja. Niambie umepewa nini."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. "Hata mimi nilicheka," anasema Anande. "Halafu nikaona yeye hacheki."

Mwezi uliotangulia, wahudumu wawili wa mtaa mwingine walikuwa wamefukuzwa kwa kupokea fedha za madereva mkononi. Ezra alikuwa ameonywa na wakubwa zake. Alichukua mashine na kizibao, akamwambia Anande aandike maelezo na akae nyumbani hadi atakapoitwa. Wakaondoka pamoja kwenda ofisini. Gari likabaki pale, halijafungwa, kwa sababu Ezra alikuwa anakwenda kuchukua kufuli.

Aliporudi nalo, gari halikuwepo.

"Hapo ndipo nilipojua nimekwisha," anasema Anande. "Mwenye gari kaondoka bila hata kusema asante. Nikaonekana mwizi kabisa. Kazi ningetafuta nyingine. Jina jingine ningelipata wapi?"

Siku nane zilizofuata alifua nguo za watu ili wapate kula. Hakumwambia Hanna hadi siku ya tatu. Alisali, na anakiri kwamba sala nyingine hazikuwa na maneno. Alikaa tu mbele za Mungu kama mtu anayekaa kwenye benchi la zahanati.

Darasani hakuacha kwenda. Jioni moja umeme ulikatika saa moja na nusu, na Mwalimu Calvin, anayefundisha jiografia, akawatoa wanafunzi wote nje. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Akawaonyesha Msalaba wa Kusini, nyota nne zilizosimama wima juu ya mapaa ya mji.

Anande akauliza mbona Kilimia hakionekani. Mwalimu akamjibu kwamba mwezi Mei hakionekani popote, kimejificha nyuma ya mwanga wa jua, na akawakumbusha msemo wa kale: Kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua.

"Nilisimama pale gizani nikamwambia Mungu, basi nami nizame kwa mvua hii, ila usinisahau huko chini."

Siku ya tisa, simu yake iliita. Alikuwa Namnyaki.

"Yeyo, mama yangu, njoo haraka! Kuna mzee hapa na kofia mkononi, anatafuta mahali pa kulipia dhambi!"

Mzee huyo alikuwa Eliamini Nanyaro, mwenye umri wa miaka 71, Mmeru anayeishi Olmotonyi, ambako alifanya kazi ya kutunza vitalu vya miche hadi alipostaafu. Alikuja kulipa faini ambayo hakuna aliyekuwa amemdai.

"Mimi ni mzee wa kanisa," anasema. "Nisingeweza kukaa benchi la mbele Jumapili huku nikijua niliziba lango la watu."

Namnyaki alikwisha kumweleza yaliyompata mhudumu. Anande alipofika, alimwamkia, na mzee akaitikia shikamoo yake akiwa ameinamisha kichwa. Ndipo Anande akasema, "Baba, usihangaike. Nililiona jani lako, nikakusamehe siku ile ile."

Mzee akainua kichwa.

"Mwanangu," akasema, "lile jani halikuwa lako."

Lilikuwa la mdogo wake. Eliamini na mdogo wake Joel hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo waliloachiwa na baba yao. Mpaka ulikuwa ni mstari wa masale, na kila mmoja alimshutumu mwenzake kuwa ameusogeza. Jumanne ile mzee alipata habari kwamba Joel, aliyekuwa akiuguzwa kwa binti yake Levolosi, anapelekwa hospitali Moshi kufanyiwa upasuaji mkubwa.

"Nilikata isale nikaendesha kama kichaa," anasimulia. "Nimefika, nikashuka mbio, nikaingia uani mikono mitupu. Jani nimelisahau kwenye gari! Na wenyewe wananiambia, mgonjwa ameondoka robo saa iliyopita. Nikarudi mbio. Kama gari lingekuwa limefungwa, habari ingeishia hapo."

Aliwapata Usa River, wamesimama kuongeza mafuta. Aliweka jani juu ya blanketi, kwenye magoti ya mdogo wake.

"Alilishika," anasema mzee. "Akaenda nalo hadi Moshi."

Joel alipona. Yuko nyumbani, na anatembea kwa fimbo.

Wote watatu, Anande, mzee na Namnyaki aliyefunga biashara yake ili asikose neno, walikwenda ofisini kwa Ezra. Mzee alisimulia upya tangu mwanzo. Ezra alisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mama Hanna amesamehe kosa ambalo hakuombwa kulisamehe."

"Ndiyo," akasema mzee.

"Na wewe umesamehewa na mtu ambaye hukumwomba."

"Ndiyo."

"Kwa jani lililokuwa la mtu wa tatu."

"Ndiyo, kijana wangu."

Ezra akafungua droo, akatoa mashine na kizibao, akaviweka mezani mbele ya Anande. "Sasa aliyebaki na kosa hapa ni mimi peke yangu. Mzee, hilo jani linauzwa wapi?"

"Haliuzwi," mzee akajibu. "Lakini nimekuja nalo moja."

Alikuwa ameliweka ndani ya kofia. Ezra alilipokea, akaligeuza mkononi asijue lishikwe upande gani, kisha akamkabidhi Anande kwa mikono miwili. "Mama Hanna, naomba unisamehe."

"Nilicheka na kulia kwa pamoja," anasema Anande. "Ni kama mtu aliyekuwa amenikanyaga kifua ameinua mguu." Siku zake nane alilipwa. Mzee alilipa faini yake na kudai risiti.

Habari ilisambaa, na madereva wa Levolosi si watu wa kukosa nafasi. Wiki hiyo hiyo, magari yalianza kuegeshwa ovyo yakiwa na majani kwenye vioo. Majani ya migomba. Majani ya parachichi. Mmoja aliweka fungu zima la mchicha.

"Huyo wa mchicha nilimwambia, kaka, hiyo si toba, hiyo ni mboga," anasema Anande. "Lipa, halafu ukapike."

Leo, saa nne asubuhi, jua limeshika na ukungu umepanda mlimani. Anande anatembea kutoka Piramidi kuelekea Pisa, akitoa risiti na kujibu salamu. Novemba atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwezi ujao, Mwalimu Calvin atawapeleka wanafunzi Olmotonyi, nyumbani kwa mzee Eliamini, wakazitazame nyota mahali pasipo na taa za mji. Mzee ameahidi ndizi na maziwa ya mgando.

Chini ya nguzo iliyoinama kuna kopo kuukuu la rangi lililojazwa udongo. Ndani yake umesimama mche mdogo wa isale wenye majani matano. Mzee aliuleta mwezi Juni, baada ya yeye na Joel kukubaliana mstari mzima wa masale uliowatenganisha ung'olewe. Hawauhitaji tena.

Anande anaumwagilia kwa maji ya Maporomoko ya Viktoria. Ana mpango wa kununua kiwanja kidogo siku moja, mahali ambapo Meru inaonekana vizuri, yeye na Hanna waache kupanga. Kiwanja hicho bado hajakipata, wala fedha yake haijatosha hata robo. Anaugeuza mche upande wa jua na kupangusa vumbi kwenye jani moja kwa kidole.

"Kiwanja kina pembe nne," anasema. "Ya kwanza ninayo."