Kidole cha Tusajigwe

Muuguzi Damari alikuwa amechoka hoi, tena si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Tangu asubuhi anasoma fomu ile ile ya ridhaa: utafiti una kibali cha kamati ya maadili; wanawake ambao kizazi kimeshuka watagawanywa kwa kura, hawa kizazi kitolewe, hawa kipandishwe na kushonwa; ukikataa, utatibiwa vilevile.

Mgonjwa wa mwisho, Tusajigwe wa Makwale, miaka ishirini na tisa, aliletwa na baba mkwe wake, Mzee Ambokile, maana mumewe alikuwa safarini. Mzee akajiketisha kwenye benchi, asikilize na yeye. Tusajigwe akajifunika kanga uso mzima, akageukia ukutani, akawa anaitikia kwa kichwa tu. Kwao mke wa mwana hamtazami mkwe, wala hasemi mbele yake. Damari mwenyewe Mnyakyusa, mila hiyo kakua nayo. Neno moja la heshima lingetosha kumtoa mzee nje. Lakini wee, miguu inawaka moto, na mzee kakaa kwa kujinafasi! Damari akashika kidole cha mama wa watu, akakitia wino, akakibandika kwenye fomu.

Alasiri, akijiandaa kwenda nyumbani, moyo ukakataa. Akarudi wodini, akavuta kiti.

“Mdogo wangu, ulielewa niliyosoma?”

“Sikusikia hata neno, dada. Nilikuwa naomba tu mzee atoke.”

Akamsomea upya, kwa Kinyakyusa, polepole. Alipofika kwenye kura, Tusajigwe akamshika mkono.

“Watoe kizazi? Jamani, nina mtoto mmoja tu! Kura sitaki.”

“Basi hushiriki. Na matibabu utapata.”

“Ndaga fijo, dada.” Tusajigwe alishukuru huku analia.

Damari akaandika kwamba amekataa, akampelekea Daktari Yusto, msimamizi wa utafiti. Daktari akasoma, akasema sawa, kukataa ni haki yake.

Damari akaenda kuiweka fomu kwenye jalada. Iliyokuwa juu ilikuwa ya Kisa wa Matema, miaka ishirini na sita. Naye alikuja na mkwe wake. Naye alijifunika. Kura ilimwangukia kutolewa kizazi, na alipasuliwa Jumanne.

Damari akaichomoa fomu hiyo. Kisha akarudi kwa daktari, akabaki mlangoni.

“Kuna Kisa wa Matema,” akasema. “Huyo sikumrudia.”