Namba Anayoiimba Mwanangu

Ujumbe ulinikuta kwenye foleni ya magari nje ya shule, Landover, nikimsubiri binti yangu. Hongera, umemaliza kulipia simu yako. Miaka mitatu imekwisha. Sikufurahi hata kidogo. Mimi nikipongezwa na kampuni ya simu, kwanza naangalia mkoba wangu uko wapi.

Mkataba wenyewe haukuwa kwa jina langu. Nilipoingia Marekani sikuwa na historia yoyote ya mkopo, na duka lilitaka dhamana ambayo sikuwa nayo. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja kutoka Kongo, akanihurumia. "Ingia kwa laini yetu, mtoto yangu. Tukiwa watano bei inashuka." Yeye, mumewe, wanawe wawili wakubwa, na mimi. Kila mwanzo wa mwezi nikawa nampelekea fungu langu mkononi. Wengi wetu huku tunaishi hivyo: kwenye karatasi za kampuni sisi ni familia, hata kama hatujawahi kula sahani moja.

Jioni ile nikagonga kwake. "Mama, simu yangu imeisha kulipiwa. Fungu langu linapungua?"

"Hapana. Kampuni haikupunguza."

"Kivipi?"

"Weye lipa tu." Akafunga mlango.

Miaka mitatu, na huyu mwanamke hajawahi kunifungia mlango. Hata nikigonga kuomba chumvi ananivuta ndani nile. Nikapanda ngazi nikijua naibiwa.

Jumamosi nikamchukua mtoto, tukaenda duka la simu Oxon Hill. Muuzaji, Mkenya, alinisikia nikimkemea binti yangu aache kushikashika vioo.

"Siz! Kumbe wewe ni wetu! Leo nakupangia dili mpaka ushangae. Simu mpya, bure kabisa."

Mtu akianza kuniuzia kwa Kiswahili ndipo ninaposhika pochi kwa mikono miwili. "Bure ya muda gani?"

"Miezi thelathini na sita tu."

"Yaani bure yenu ina miaka mitatu?"

Akacheka. "Unawekewa bei ya simu kwa bili, halafu tunakurudishia kidogo kidogo kila mwezi."

"Na nikihama mwezi wa kumi?"

"Uhame uende wapi, siz, na mimi niko hapa?"

"Nimekuuliza swali."

"Ukihama unalipa ile imebaki," akasema, na kile kicheko kikaisha.

Nikamwambia simu yangu ni nzima, haina hata ufa. Nataka laini ya kulipia mwezi kwa mwezi, bila mkataba, na namba yangu ile ile. Akabonyeza kompyuta yake kivivu. "Hii namba si yako. Ni ya mwenye akaunti. Bila kupata kwake msimbo wa kuhamia, zile tarakimu za siri, siwezi kuitoa. Chukua mpya, utazoea."

Utazoea! Nilitamani kumrushia hiyo simu yake ya bure.

Binti yangu ana miaka mitano. Anwani yetu haijui vizuri, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. Kitu anachokijua ni namba yangu, kwa wimbo niliomtungia nikimsuka nywele. Mwaka jana alinipotea kwenye duka kubwa la nguo, Annandale. Nimepiga kelele mle ndani mpaka sauti ikakauka. Mlinzi akamkuta amejikunyata chini ya magauni, akamwuliza mama yake yuko wapi, mtoto badala ya kujibu akaimba. Simu ikaita mkononi mwangu. Sasa nimfundishe wimbo mwingine? Ataujifunza, ndiyo. Lakini siku akishtuka ataimba ule wa kwanza, na atapokea mtu baki.

Tukatoka pale, tukapitia supamaketi mara moja, hadi mlango wa chini. Huwa namwamkia shikamoo, ingawa kwao haipo na kila siku inamchekesha. Siku hiyo sikuamkia.

"Mama, naomba unionyeshe bili."

"Ati nini?"

"Bili ya simu."

"Weye mtoto, unanifikiria mie mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimeomba bili."

"Miaka tatu nakubeba, leo unanidai faktire kama polisi!"

"Nionyeshe basi, polisi aondoke."

Mumewe alikuwa anaangalia mpira. Hakugeuza hata shingo. "Muonyeshe. Hata mie sijaionaka."

Akanipa simu yake kama mtu anayenipa nguo chafu. Nimeishia kidato cha nne, lakini kusoma nasoma. Nikashuka nayo mstari kwa mstari. Deni la simu zetu lilikuwa limeondoka kweli. Na siku ile ile, punguzo tulilopewa kwa ajili ya simu hizo nalo limeondoka. Jumla imebaki pale pale! Kwa hiyo hakunidanganya, kampuni haikupunguza. Nikaanza kuona aibu. Kisha nikahesabu laini. Zilikuwa sita.

"Hii ya sita ni ya nani?"

Akaingia chumbani, akarudi na boksi. Ndani kishikwambi, kile kioo cha kusomea kikubwa kuliko simu, plastiki yake haijatolewa.

"Muuzaji wa duka alinipatia siku tuliandika mkataba ya simu," akasema taratibu. "Alisema ni zawadi. Kumbe zawadi iko na laini yake, inalipiwa. Nikaona haya. Nikagawa kwa sisi wote."

"Kwa nini hukuikata?"

"Walisema nikikata, bei ya wote itapanda."

Mumewe sasa aligeuka.

Je, nilimwomba radhi kwa kumwita mwizi moyoni? Sikumwomba. Alinificha, nikamshuku, ngoma droo. Nikamwambia: "Punguzo limeshaondoka, hakuna cha kupanda tena. Nitawapigia mimi, tuikate. Na wewe utanipa msimbo wa namba yangu."

"Ukienda tutabaki wane."

"Mtabaki wanne wanaotumia simu. Zawadi inaondoka, na mimi naondoka. Laini mbili chini, Mama."

Tukapiga, sauti nje, boksi katikati ya meza. Yeye akataja jina lake na kuthibitisha, mimi nikaongea. Dada wa kampuni hakutaka kukata. Akanipa ofa. Nikakataa. Akanipa saa ya mkononi ya bure. Mama akafumba macho kama aliyeonyeshwa nyoka. Yule dada akaniuliza kwa upole nina tatizo gani na huduma yao. Nikamwambia tatizo ni yeye. Akakata ile laini, akaifungua simu yangu itumike kwingine, akataja msimbo. Mama akauandika nyuma ya bahasha, halafu akaifunika bahasha kwa kiganja.

"Sasa utakuja tena kuniona?"

"Nakaa juu ya kichwa chako, Mama. Nitaenda wapi?"

Akaniachia bahasha.

Laini mpya nilishainunua supamaketi wakati tunarudi. Nikaichomeka pale pale mezani, nikaingiza msimbo. Simu ikakaa bila mtandao. Robo saa, nusu saa. Nikamshuku yule dada, nikamshuku Mkenya, nikamtazama hata Mama kwa jicho la pembeni. Mwishowe mtandao ukaja. Bado sikuamini. Wanaweza kunipa mtandao wakanibadilishia namba.

Nikamwita binti yangu. "Mwimbie Mama namba yangu."

Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini, mbona hatujapotea.

"Imba."

Akaimba, Mama akibonyeza kwenye simu yake. Haikuita. Kumbe aliruka tarakimu moja. Mtoto anaimba mbio, yeye hana miwani. "Polepole, cherie," akamwambia. Mwanangu akaimba tena, tarakimu moja moja, akimwonyesha kwa vidole.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

"Pokea basi!" Mama akasema, kashikilia yake sikioni.

Sikupokea. Nikaiacha iite mpaka mara ya nne, ndipo nikaamini.